Mtoto wa Siku Mbili

Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, ndiye aliyeniambia kwanza, nilipokuwa mtoto wa miaka saba, kwamba mtoto mchanga hajawa mtu mpaka siku ya tatu. Siku hiyo wazee wa Kikamba humpa jina, naye huanza kuhesabiwa. Kabla ya hapo bado ni wa waliotangulia. Wakimtaka, humchukua, na haifai kumlilia, kwa sababu kumlilia asiye na jina hufunga tumbo la mama.

Aliniambia hayo nyumbani kwetu Ziwani, Nairobi, wiki ambayo ndugu yangu alizaliwa na kufa. Aliishi siku mbili. Susu alikuwa amekuja kutoka Kitui kumpa jina, akakuta hakuna wa kupewa. Alimwambia Mama, "Usilie. Huyo hakuwa mtu bado." Mama hakulia. Alifua nguo ndogo zote, akazianika, akazikunja.

Mimi nilimwamini Susu, lakini kuna jambo lilinisumbua. Yule mtoto alikuwa amenishika kidole, tena kwa nguvu. Kama hakuwa mtu, ni nani aliyenishika?

Baada ya miaka miwili akazaliwa msichana. Huyu alifika siku ya tatu salama, akaitwa Mwende. Sote tulifurahi, isipokuwa Mama. Alimnyonyesha akiangalia ukuta. Mtoto akishashiba, Mama alimweka kitandani kama mtu anayetua mzigo wa jirani, kisha akakaa. Chai yake ilipoa mpaka ikafanya utando. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago, alitoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo ni mimi niliyembeba Mwende nikitoka shule. Nilimbeba mgongoni hata nikiandika kazi ya nyumbani.

Watu wa ploti, wapangaji wenzetu, walisema yao. Mama Wambui wa mlango wa pili alisema mbele yetu, bila kuficha, "Huyu si mgonjwa. Ni maringo ya uzazi." Wengine walisema ni pepo. Mwishowe Baba alituma ujumbe nyumbani, na Susu akaja kumchukua Mwende akamlee Kitui.

Nilijua Mwende akienda hatarudi kwetu kama wetu. Na Mama, nilidhani, hatarudi kabisa kutoka kule alikokuwa ameenda, ingawa alikuwa ameketi pale pale kitandani.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Susu alikuwa ameshafunga kiondo chake, akilalamika kuhusu jiji.

"Nairobi yenu hii, hata maji yanapangiwa foleni! Mutheu, nipe hiyo leso."

Nikampa. Akamfunga Mwende mgongoni. Mama alikuwa akichambua maharagwe, na bila kuinua kichwa akasema, "Mchukue tu, mwaitu. Hata yule mwingine mlimchukua."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo alivyomwita mama mkwe wake siku zote, kwa heshima. Lakini sauti ile haikuwa ya heshima.

"Mwingine yupi?" Susu akauliza.

"Yule uliyesema si mtu."

Nilisubiri Susu afoke. Kwetu hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Badala yake alimfungua Mwende, akanipa. Akavua kitambaa chake cheupe cha kanisa, akakikunja vizuri, akakiweka mezani. Kisha akaketi sakafuni, mbele ya miguu ya Mama, yeye mama mkwe, tena mzee.

"Nilikukataza kulia," akasema. "Na mimi nilikatazwa na mama mkwe wangu. Wawili wa hivyo walinifia, mwana wakwa, mwanangu. Sijawahi kuwataja." Akainua uso kumtazama Mama. "Wako ulimwita nani? Usiniambie hukumwita. Moyoni ulimwita nani?"

Nje mtu alikuwa akijaza mtungi bombani. Nilisikia maji yakipanda mpaka juu, yakamwagika, ndipo Mama akasema, "Mumo."

Susu alichukua kikombe cha uji wa Mama, akaenda mlangoni, akawamwagia waliotangulia kidogo kizingitini. "Mumo, mjukuu wangu, jina lako tumelisikia. Nyanya yako ndiye aliyechelewa." Kisha akageuka. "Sasa lia."

Sijasikia tena kilio kama kile. Maharagwe yalitawanyika chumba kizima. Majirani walikuja mbio, Mama Wambui mbele, mikono ikiwa na povu la sabuni.

"Kuna nini?"

"Tuna msiba," Susu akasema.

"Uwii! Nani amekufa?"

"Mjukuu wangu."

"Lini?"

"Miaka miwili iliyopita."

Mama Wambui alisimama pale na povu lake. Nilidhani atacheka. Akajipangusa mikono kwenye nguo, akaingia, akaketi kitandani kando ya Mama, akamshika bega. Baadaye wengine walileta sukari, mkate na birika la chai, kama inavyofanywa penye matanga, na wimbo wa kanisa ukaanzishwa. Wakikuyu na Wakamba walimlilia mtoto wa siku mbili katika chumba kimoja, na hakuna aliyeuliza tena kama alikuwa mtu.

Jua lilipoanza kushuka Mama alininyooshea mikono. "Nipe mtoto wangu." Alimtazama Mwende usoni kwa muda mrefu, kama anayesoma barua.

Sisemi Mama alipona siku ile. Susu alikaa nasi miezi miwili, na kila wiki alimpeleka kliniki akaongee na muuguzi. Kuna siku Mama alirudi kwenye ukuta wake. Lakini Mwende hakwenda Kitui.

Sasa mimi pia ni mama, naishi mtaa wa Tena, papa hapa Nairobi. Mshauri wa kliniki yetu hutuambia kwamba huzuni isiyoliliwa huweza kumkalia mama aliyejifungua. Mimi si msemaji, lakini siku moja nilimsimulia haya, akaweka kalamu chini. Sijui kama waliotangulia husimama vizingitini. Ninachojua ni kwamba imani ile ile iliyomfunga Mama mdomo, Susu aliishika kwa upande wa pili ikamfungua, na ilibidi kwanza akiri kosa, ameketi sakafuni.

Lakini asubuhi ile baada ya matanga ya Mumo, nikiwa bado mtoto, nilikwenda kuteka maji. Watoto wa ploti walikuwa kwenye foleni.

"Niaje, Mutheu. Jana kwenu mlikuwa mnamlilia nani?"

"Ndugu yangu. Anaitwa Mumo."

"Kwani mko wangapi?"

"Tuko watatu," nikasema, nikaweka mtungi wangu chini ya bomba.