Mremera wa Shambani kwa Venanti

Elieth hakujua kutulia. Alipohamishiwa idara ya misitu Kasulu mwaka 2012, akitokea Njombe, hata chai aliinywa amesimama. Alikuwa anautafuta mremera, mti ambao wachuna magome ya dawa walikuwa wameumaliza milimani.

Aliupata mmoja upande wa Buhigwe, kwenye bonde la baridi na ukungu, kando ya kijito, shambani kwa mkulima aitwaye Venanti. Gome lilikuwa jeusi, limepasukapasuka. Alichuma jani lenye kikonyo chekundu, akalifikicha, likanukia lozi chungu. Ndio wenyewe.

Mwaka ule mti ulikuwa na matunda madogo ya zambarau, machungu mdomoni. Elieth akazitoa mbegu, akazianika juani siku nne kama mahindi, akangoja mvua. Alipanda mia mbili. Haikuota hata moja. Alikuja kujua baadaye kwamba mbegu ya mremera ikikauka, imekufa. Na mti wenyewe hauzai kila mwaka.

Mwaka 2013 haukuzaa. Hata hivyo, kila wiki alipanda pikipiki kwenda kuutazama.

"Mama misitu, nenda ukapumzike," Venanti alimwambia. "Mti haukimbii."

Siku moja ya mwaka 2014 akaukuta umechunwa gome pande zote, toka chini hadi mkono unapofika.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Venanti akajibu bila kumtazama. "Mzee wangu mkojo umeziba. Nimemchemshia."

Elieth alitaka kufoka. Badala yake akauliza, "Amekojoa lini mara ya mwisho?"

"Jana asubuhi."

Akaingia ndani. Mzee Kipriani, baba yake Venanti, alikuwa amejikunja kitandani, tumbo limevimba, jasho linamtiririka. Elieth akatoka mbio hadi barabarani, akasimamisha gari la mizigo, wakampakia kwenda hospitali ya Kabanga. Alipowekewa mpira wa mkojo, mzee alishusha pumzi ndefu, akalala papo hapo. Baadaye akafanyiwa upasuaji, akapona.

Mti haukupona. Majani yalianza kunyauka juu kileleni. Venanti aliukandika udongo na kinyesi cha ng'ombe kwenye kidonda, lakini wapi.

Mwanzoni mwa 2015 ukatoa maua meupe mengi kuliko miaka yote, kisha matunda. Nyani na ndege wakauvamia. Kwa wiki mbili Elieth na Venanti walishinda pale wakiwafukuza kwa debe na kelele, wakiokota yaliyoanguka. Safari hii mbegu zilioshwa kijitoni na kufukiwa kwenye viriba, vifuko vya kuoteshea miche, siku ileile, zingali na unyevu.

Wiki ya sita ilipita kimya. Elieth alichokoa udongo kwa kidole, akaona aibu, akafukia. Wiki ya saba vikachomoza vichwa vya kijani, themanini na kimoja.

Mwezi uliofuata akapewa uhamisho wa Kibondo. Miche ikabaki kwa Venanti. Mremera mkubwa ulikuwa umekwisha kauka.

"Umemwagilia?" aliuliza kwa simu kutoka Kibondo.

"Nimemwagilia, mama. Ulipiga asubuhi."

"Kivuli je? Jua la huko lisije likaichoma."

"Mzee mwenyewe ameijengea kichanja cha nyasi. Haondoki pale."

Elieth akakata simu, akazunguka chumba mara mbili, kisha akaenda kuuliza gari la Kasulu huondoka saa ngapi.