Mama Plagi na Petroli ya Mchanganyiko

Gereji ya Mama Plagi na duka la mumewe, fundi cherehani, vilitenganishwa na ukuta wa mbao wenye nyufa za kutosha kwa mume kusikia kila kilichosemwa upande wa pili. Na alisikiliza kweli, hakuficha. Wenzake wakimtania kwamba mkewe ananuka petroli, huwauliza, "Na pikipiki yako ikizima, unamkimbilia nani?"

Asubuhi moja ya matope aliingia gerejini dada yake fundi, mkunga, akisukuma pikipiki yake kuukuu. Ilikuwa imemzimikia njiani akiwahi kuzalisha. Safari aliimalizia kwa miguu, nusura mtoto amtangulie.

"Wifi, kabla sijaenda kozi si uliniambia chombo kiko safi?"

Upande wa pili cherehani ilinyamaza. Fundi alijua maneno yale yamemchoma mkewe, maana kazi yake ndiyo heshima yake. Lakini Mama Plagi hakujitetea.

"Ngoja niiulize yenyewe," alisema.

Alifungua kabureta, akakuta maji yametuama chini. Mpira wa kupitishia mafuta ulikuwa umevimba, ukibonyea kama kidole kilicholowa.

"Mafuta uliweka wapi?"

"Kituo kipya. Nilijaza tangi kabisa, nikirudi nisihangaike."

"Ukakaa huko kozini mvua zote!"

Akamwita mumewe akachote petroli ya kituo kile. Fundi alikwenda mbio, akarudi na chupa mkononi, futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Mkewe alitia maji kidogo katika chupa ya kioo, akachora mstari yalipofikia, akamimina petroli juu yake, akatikisa na kuiacha itulie. Maji yalipojitenga chini, yalikuwa yamepanda juu ya mstari.

"Yameongezeka!" mkunga alishangaa.

"Ile ni ethanoli, spiriti iliyochanganywa. Imeikimbia petroli, ikajiunga na maji. Si mafuta mabaya, wifi yangu. Pikipiki nyingi za siku hizi zinayanywa bila kinyongo, mradi kitabu cha maelekezo kimeruhusu. Hii yako ni bibi kizee, mipira yake haikuundwa kwa spiriti. Tena yakilala tangini muda mrefu yanavuta unyevu, na injini inaishia kunyweshwa maji."

"Basi nitie supa, ile petroli ya bei ya juu?"

"Supa haitaiongezea nguvu injini ndogo kama hii. Wewe ulizia isiyochanganywa. Ukiikosa, tia ya kutumia tu, usiiache ilale."

Alimwaga tangi, akasafisha kabureta, akabadilisha mipira na plagi. Teke moja, injini ikaitika. Mkunga akacheka, akamkumbatia wifi yake na grisi zake zote.

Mama Plagi hakuishia hapo. Alikwenda kituoni na chupa yake. Mwenye kituo alidhani ameletewa ugomvi, kumbe mama anaomba tu kila pampu iandikwe kilichomo. Aliitazama chupa, akakubali. Baada ya hapo, mwendesha pikipiki akimuuliza ajaze ipi, jibu lilikuwa moja: "Pita kwanza kwa Mama Plagi."

Wakaja kwa wingi, wengine wakikosea mlango. Mmoja aliingiza kichwa dukani, akauliza yule fundi mkali wa mafuta anapatikana wapi.

"Mlango wa pili. Ni mke wangu," alisema fundi cherehani. Yule kijana alishukuru, akageuka kuondoka.

"Mke wangu yule," fundi akarudia, ingawa hakuna aliyemuuliza.