Tone la Rangi Nyekundu

Jumanne, katika duka la simu hapa Kisumu, mama mmoja kutoka Pap Onditi alinunua waya wa chaja ya Type-C, kisha akatoa chupa ya rangi ya kucha mkobani.

"Niwekee alama upande wa juu."

Muuzaji akacheka. "Mama, hii haina juu wala chini. Inaingia vyovyote."

"Najua. Ile ya zamani iliingia upande mmoja tu, na mzee wangu alikuwa ananiwekea alama kwa vile macho yangu ni mabaya. Aliweka mpaka Mungu akamchukua."

Muuzaji akaipokea chupa. Akachagua upande mmoja, akadondosha tone, akalipuliza likauke.

Waliotengeneza waya usiokosewa wametuondolea usumbufu, nawashukuru. Ila kuna watu walipendana kupitia usumbufu huohuo.