Mafaili Yaliyoachwa Wazi

Yule dada aliyepewa na wenzake jina la Mama Mvua alifanya kazi katika chumba chenye baridi kali, kilichojaa kompyuta zinazogawana hesabu moja: mvua ikinyesha sana, mto utafurika wapi. Wafanyakazi walizibandika jina la wake wenza, maana kazi ni moja lakini kila mmoja ana jiko lake.

Hesabu yake ilikuwa imekufa mara kadhaa, kila mara ikilalamika kwamba mafaili yaliyo wazi yamezidi. Kompyuta ina kikomo chake. Usipofunga ulichomaliza kusoma, mwisho inakataa kufungua kingine, na kazi yote inaanguka kifudifudi. Zamu yake ilikuwa inaisha alasiri hiyo. Hesabu ikifa tena, kompyuta zinakwenda kwa wengine, na kazi yake ya kwanza ya kujitegemea inaishia hapo. Mume aliyemwacha alishatangaza mtaa mzima kwamba mwanamke yule hamalizi kitu. Maneno hayo aliyameza, lakini hayakushuka.

Akaikagua kompyuta iliyokuwa mbele yake. Mafaili yaliyo wazi yalikuwa machache tu. Akakagua tena, akasonya.

"Safi kabisa," akamwambia jirani yake wa meza, mpenda utani aliyeitwa Kaka Miwani. "Hii mashine inanisingizia."

"Umemuuliza nani, dada?"

"Hii hapa. Kubwa lao."

"Mke mkubwa? Huyo anagawa kazi tu, hapiki. Atajuaje masufuria yaliyoachwa wazi kwa wenzake?"

Mama Mvua akajipiga paji la uso, akacheka hadi akatokwa na machozi. Kumuuliza mmoja habari za wote, hilo alidhani ni kosa la wanaume. Akatuma amri ileile ya ukaguzi kwa kila kompyuta. Lo, majiko yote yalikuwa hoi: kila moja lilifungua faili la mvua ya siku, likasoma, likaliacha wazi, likaenda kufungua la siku inayofuata. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alisahau kuandika neno la kufunga. Akaliandika, akaanzisha upya.

Hesabu ikafika pale ilipozoea kufia. Ikapita kama haijui kitu. Kaka Miwani akaanza kupiga meza kama ngoma, na watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia kuna nini.

Kundi lililofuata lilipoingia kuchukua zamu, ramani ya mto ilikuwa inatoka kwenye printa, karatasi bado ina joto. Mama Mvua akampigia mama yake simu.

"Mama, nimemaliza," akasema, na mama akapiga vigelegele kabla hata hajauliza amemaliza nini.