Ufa Mrefu wa Bwawa la Kiabakari

Harufu ya lami inapochemka, ile nzito inayokaa kooni kama dawa chungu, hunipeleka moja kwa moja kwenye ua wa nyuma wa nyumba yetu ya Kiabakari. Wengine wakipita mahali barabara inapotengenezwa hufunga madirisha ya gari; mimi hufungua langu. Naliona tena kopo kubwa la mafuta ya kupikia likiwa juu ya mafiga, mjomba amechutama akikoroga kwa kipande cha nondo, na mama amesimama kando, kanga ameifunga kifuani, anatazama lile shimo la zege kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Nyumba hiyo hatukuijenga sisi. Ilikuwa ya meneja wa mgodi wa dhahabu, na mgodi ulipofungwa serikali iliigawa kwa watumishi wake. Baba alikuwa bwana mifugo, kwa hiyo tulipewa upande wa mbele. Upande wa jikoni alikaa Mama Nyangi, mjane wa fundi mitambo wa mgodini, ambaye hakuna aliyewahi kuwa na moyo wa kumwambia ahame. Nyuma, meneja alikuwa amejijengea bwawa la kuogelea lenye urefu wa darasa, na kando yake birika dogo la duara lenye tanuri chini, ili akae kwenye maji ya moto jioni za baridi. Sisi watoto tuliliita hilo dogo sufuria ya Mzungu, na wadogo zangu waliamini kabisa kwamba alikuwa akipikwa humo. Hatukuwahi kuona maji ndani yake, wala ndani ya bwawa kubwa. Ufa mmoja mrefu, mpana kiasi cha kuingiza vidole vyangu, ulilikata bwawa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na nyufa nyembamba zilitambaa kutoka pale kama mizizi. Tuliruka kamba humo. Mama Nyangi naye alianika udaga wake sakafuni, kwa sababu zege lile lilishika joto na kuukausha muhogo upesi kuliko mkeka.

Ilikuwa miaka ya shida, baada ya vita. Duka la ushirika lilikuwa na rafu safi kuliko meza yetu, maana hapakuwa na kitu cha kuzichafua. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi. Saruji ilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kungoja. Juu ya yote hayo mvua zikakataa. Pampu ya mgodi ilikuwa imekufa zamani, hivyo wanawake wa mtaa wetu walikwenda kuchota kwenye kijito ng'ambo ya vilima, wakiondoka umande ungali kwenye majani na kurudi jua likiwa utosini. Mimi nilikuwa darasa la nne, na siku zisizo za shule nilifuatana na mama nikiwa na ndoo yangu ndogo. Mama alikuwa mjamzito. Hakuna aliyeniambia, lakini niliona jinsi alivyoanza kupumzika njiani, akisema ngata inamuumiza kichwa.

Siku moja tukiwa tunashuka kilima cha mwisho alitua ndoo chini taratibu, akakaa, akaniambia, "Nyabwire, kimbia ukamwite baba yako." Nilikimbia. Baba alikuja na baiskeli, na watu wengine wakaja na machela. Mama alilala zahanati siku kadhaa. Aliporudi tumbo lilikuwa limekwisha na nyumba ilikuwa kimya. Nilimsikia Mama Nyangi akimwambia jirani mwingine kwamba alikuwa mtoto wa kiume. Mimi sikuambiwa lolote, na nilijua kwamba sipaswi kuuliza. Mama hakulia mbele yetu. Alipika, akafagia, na mikono ikiwa haina kazi alikwenda kukaa ukingoni mwa lile bwawa, miguu ikining'inia.

Mjomba Mafuru alikuja kumpa pole dada yake. Alikuwa fundi wa mashua kule Mwigobero, ziwani, mtu wa maneno mengi na vicheko, na siku zote alinuka dagaa hata akioga. Mama alimpokea, akamlisha, kisha akamshika mkono akampeleka uani.

"Mafuru, mashua ikipasuka mnaifanyaje?"

"Tunaikalafati. Tunasokota pamba, tunaichovya kwenye lami, tunaishindilia kwenye ufa mpaka ilie."

"Basi nikalafatie hii."

Mjomba alicheka, halafu akaona kwamba dada yake hacheki. Alishuka ndani ya bwawa, akapitisha kidole kwenye ufa ule mrefu, akapiga zege kwa kisigino. "Mimi nazuiaga maji yasiingie," alisema. "Kuyazuia yasitoke sijawahi. Lakini maji ni maji. Tujaribu."

Baba hakupinga, ingawa nilimwona akisugua kipara chake. Alikuwa amepeleka maombi ya saruji wilayani na bado aliamini jibu lingekuja. Hata hivyo, katika safari yake ya majosho upande wa Bunda alirudi na gunia la pamba, aliyopewa na mkulima ambaye mavuno yake yalikuwa yamelala ghalani bila kuchukuliwa na mtu. Lami tuliitoa kwenye pipa lililoachwa kando ya barabara ya Musoma. Kwa siku kadhaa uani kwetu kulikuwa kama kiwanda. Tulitoa mbegu kwenye pamba, tukasokota kamba nene juu ya mapaja yetu, mjomba akachovya, mama akashindilia kwa tindo na nyundo. Vidole vyangu vilibaki vyeusi hata mwalimu akanirudisha nyumbani nikavioshe, na kwa kuwa hapakuwa na sabuni wala mafuta ya taa, nilirudi darasani navyo vilevile.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mama Nyangi alikusanya udaga wake kutoka sakafuni akiwa amevimba kwa hasira. "Na mimi mnataka nianike wapi? Kichwani?" Mama alimjibu kwamba ua ni mkubwa. Mama Nyangi akasema ua una kuku. Wakaachana hapo, na tangu siku hiyo wakawa wanapishana kwenye mlango wa jikoni kama abiria wa mabasi tofauti. Jambo hilo lilituumiza sisi watoto, kwani Mama Nyangi ndiye aliyekuwa akitugawia ukoko wa ugali.

Mjomba alirudi ziwani. Siku chache baadaye mvua ya kwanza ilinyesha, kubwa, ya alasiri nzima. Mifereji tuliyochimba ililetea bwawa maji mekundu ya udongo, yakapanda hadi magotini. Tulipiga kelele, tukacheza ngoma, baba akavua viatu akaingia. Kisha jua likarudi, kali kana kwamba lilikuwa na kisasi. Zege likapata moto, lami ikalainika, na kwenye ule ufa mrefu kamba za pamba zikaanza kujitokeza moja moja, zimelegea kama matumbo ya samaki. Maji yakashuka. Kesho yake asubuhi tulikuta tope, na chura mmoja amekaa katikati yake.

Mama alikaa ukingoni akaangalia. Halafu akalia, si kwa sauti ya kuomboleza ila kwa sauti ya mtu aliyechoka, mdomo wazi, mabega yakitikisika. Baba alitaka kumshika bega akasita. Nilielewa, hata kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba maji hayakuwa kitu pekee alichokuwa akikililia.

Mama Nyangi alikuwa amesimama mlangoni pake. Aliingia ndani, tukasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, kisha akatokeza uso. "Nyabwire, njoo unishikie huku." Nilikwenda. Chini ya kitanda chake palikuwa na mfuko wa saruji umefungwa kwa blanketi kuukuu. Tuliuvuta pamoja hadi uani, yeye akirudi kinyumenyume, hadi miguuni pa mama.

Mama alijifuta macho. Mtaa mzima ulijua habari ya mfuko ule. Mama Nyangi aliupata kwa kibali cha msiba mumewe alipofariki, na alikuwa akingoja mwanawe arudi kutoka jeshini wakajenge kaburi kule Butiama.

"Mama Nyangi, hii ni ya kaburi."

"Naijua ni ya nini. Nimeilalia mimi."

"Sitaichukua."

"Marehemu hachoti maji," Mama Nyangi alisema. "Alikuwaga mtu wa kuoga sana, hawezi kunikasirikia. Wewe ndiye nakuona unahangaika na kile kilima. Nilikuwa nakuona hata na tumbo, nikanyamaza. Ichukue."

 Kisha mama akaketi chini kabisa, kwenye tope la ukingoni, na Mama Nyangi akaketi naye, na sisi tukafukuzwa tukacheze.

Sehemu kubwa ya mfuko ilikuwa imeganda. Tulivunja mabonge kwa mchi, tukachekecha kwa chekeche la unga, tukapata kiasi kisichojaza ndoo mbili. Safari hii mama hakuwa na haraka. Alisema kosa lilikuwa kuiacha lami juani. Kwa hiyo ufa ulichimbuliwa upya, mpana kwa ndani kuliko nje, pamba ikashindiliwa chini kabisa, na juu yake ikawekwa saruji na mchanga wa kijitoni. Zikabaki zile nyufa nyembamba ambazo mwiko haukuweza kuingia. Hapo baba, ambaye muda wote alikuwa akizunguka bila kujua mikono yake aiweke wapi, alikwenda ndani akarudi na bomba la kunyweshea ng'ombe dawa. Alikoroga saruji nyepesi kama uji, akaivuta, akaisukuma ndani ya nyufa, taratibu, akibembeleza kwa sauti ileile aliyotumia kwa ndama. Mama alimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikamwona anatabasamu.

Lakini saruji mbichi inataka maji, na maji yalikuwa bado ng'ambo ya vilima. Tuliifunika kwa magunia, na kila jioni watu wa pande zote mbili za nyumba walileta walichonacho: maji ya kuoshea vyombo, maji ya kunawia, maji yaliyochemshiwa maharage. Hata wale wa mtaani waliokuwa wakitucheka walianza kupita na vikombe. Mama aliyanyunyiza mwenyewe kwa mkono, kiganja kwa kiganja, kama anayebariki.

Masika yalipoingia, bwawa lilijaa hadi kiunoni. Safari hii hatukucheza. Mama alichora mstari wa mkaa ukutani, usawa wa maji, akatuambia tuondoke pale. Asubuhi Mama Nyangi ndiye aliyetangulia kuamka. "Mama Nyabwire!" tulisikia anaita. "Toka uone! Maji yako palepale mstarini!" Tulitoka mbio. Maji yalikuwa yametulia, mekundu, yamejaa majani, na usawa wake ulikuwa bado umegusa ule mstari mweusi. Mama alichovya vidole akajipaka usoni.

Baba alizungushia bwawa miiba ili watoto wasitumbukie. Maji yale tulifulia, tuliogea, tulinyweshea mbuzi, na yaliyochemshwa na kuchujwa tuliyanywa. Watu wa mtaani walichota pia. Saruji iliyobaki ilikwenda kwenye birika dogo, na siku ya kwanza tanuri lilipowashwa, mama na Mama Nyangi waliingia humo na kanga zao, mvuke ukawafunika. Mama alikuwa akiumwa mgongo tangu zahanati. Nilimsikia Mama Nyangi akisema, "Wazungu walikuwaga wanajua kuishi jamani," halafu wote wawili wakacheka hadi wakakohoa.

Biashara zilipofunguliwa miaka michache baadaye, maduka ya Musoma yakajaa ghafla, na baba akanunua saruji bila kumwomba mtu kibali. Tulikwenda Butiama wote kwa trekta, kaburi likajengwa, na Mama Nyangi akalipapasa akasema limependeza. Hatukukaa sana Kiabakari baada ya hapo. Baba alihamishwa, bwawa likafukiwa na wenyeji wapya waliotaka mahali pa kulima mboga, na sikuona ubaya wowote. Mvua zilikuwa zimerudi na bomba la maji lilikuwa njiani.

Sasa ninaishi Musoma, kwenye nyumba yenye tangi la zege. Mwaka jana liliweka ufa. Nilipiga simu, akaja kijana na bodaboda, akapaka dawa kutoka kwenye kopo, akaondoka kabla chai haijapoa. Majirani hawakujua kwamba tuliwahi kuwa na ufa. Sitamani miaka ile irudi, na wanaoisifu huwa nawauliza nani alikuwa akiwabebea maji. Ila najua pia kwamba mama yangu na Mama Nyangi walipendana hadi Mama Nyangi alipoaga dunia, na kwamba mimi na mwanamke wa upande wa pili wa ukuta wangu tunasalimiana kwa honi.

Mama anakuja kukaa nami mara kwa mara. Amezeeka, haoni vizuri, lakini asubuhi hupenda kumwagilia maua yangu. Juzi nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mpira wa maji ameuacha chini umefunguliwa hadi mwisho, maua yameshalowa, maji yanatiririka bure kuelekea mtaroni. Mkono wangu ulikwenda kwenye koki wenyewe.

"Iache," alisema.

"Mama, yanamwagika."

"Naona. Iache kidogo. Nataka niyaangalie yakipita."

Nilivuta kigoda kingine, nikakaa karibu yake.