Safu ya Kushoto

Shemeji yangu alikuwa na moyo wa huruma, na huo ndio uliotuponza. Kazini walimwita Baba Simbilisi, kwa kuwa aliwalisha na kuwasafishia vizimba simbilisi wa maabara ya dawa, wale wanyama wadogo wa manyoya wasio na mkia. Alizungumza nao kama wapangaji wake. "Mnakula bure, mnalala bure, na bado mnaninunia," aliwaambia huku akibadilisha maranda.

Mkewe ni dada yangu, naye alikuwa na pumu. Pampu yake ya dawa haikukosekana kwenye mfuko wa gauni. Zamani aliivuta akibanwa. Siku hizo aliivuta hata akinusa sabuni, hata akicheka. Nilimsihi aende hospitali.

"Nitaenda shemeji yako akileta majibu," alinijibu.

Majibu hayo yalihusu dawa ileile ya pampu. Daktari wa maabara aliwatia simbilisi wote pumu kwa kuwadunga ute wa yai, kisha akawagawa safu mbili. Safu ya kulia walivutishwa mvuke wa dawa kila asubuhi. Safu ya kushoto, mvuke wa maji ya chumvi tu. Mwishoni wote wangevutishwa mvuke kidogo wa kuwasha kifua. "Wa kulia wakibanwa zaidi," Daktari alimweleza shemeji, "tutajua kwamba kuvuta dawa hii kila siku kunazidisha ugonjwa." Shemeji akatuletea maneno hayo mezani. Dada aliacha kula.

Lakini kule kushoto hali ilikuwa mbaya. Walipumua kwa mbavu, midomo wazi, kwa mlio uleule ambao shemeji aliusikia kitandani kwake. Alishindwa kuvumilia. Akachukua pampu ya akiba ya Dada, na kila jioni, wenzake wakishatoka, akawapulizia wa kushoto. Wakatulia. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, mjinga yule, akijiona kafanya la maana.

Siku ya jaribio Daktari alianza na kushoto. Kwa mvuke hafifu tu simbilisi wa kwanza alijikunja, akaanguka ubavu. Wa pili hivyohivyo. Wakaletwa wa kulia, nao vilevile. Daktari alikuna kichwa.

"Basi dawa haina kosa," akasema. "Labda kundi zima lilikuwa na pumu kali."

Shemeji alisimama na ndoo mkononi. Alijua kwamba safu zote mbili zilikuwa zimevuta dawa moja. Akisema, kazi hana. Haya alinieleza mwenyewe baadaye, wakati kusema hakukuwa tena na faida kwa mtu yeyote, na mpaka leo sijui nimchukie vipi mtu aliyelia namna ile.

Jioni hiyo nilikuwa kwao, namenya viazi. Dada alimfuata mlangoni kabla hajavua viatu.

"Majibu yametoka?"

"Yametoka."

"Wamesemaje?"

Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akainamia kamba za viatu.

"Wamesema haina neno."

Dada alishusha pumzi, pumzi yenye filimbi ndani yake, akacheka kwa furaha. Kicheko kikamkaba. Akatoa pampu, akavuta, akaitikisa, akavuta tena.

"Unaona?" aliniambia. "Ulikuwa unanitisha bure."

Shemeji hakuinua uso. Kamba zilikuwa zimeshafunguka kitambo, naye bado alikuwa anazifungua.