Waya wa Kulala wa Bugolobi

Nilifunga safari kwa sababu ya mtoto aliyejifunza kusimama. Dada yangu Atieno anakaa ghorofa ya nne Bugolobi, mjini Kampala, na uzio wa mbao wa roshani yake ulikuwa umeoza. Mimi ni fundi wa chuma Kisumu, na kwa kuwa ni mwanamke kati ya mafundi wanaume nimezoea kujifanya najua kila kitu. Nikamwahidi uzio wa nyaya zisizoshika kutu, na waya utakaobaki tutapandishia tangi lake la maji hadi paani. Kazi mbili, waya mmoja. Kichwa changu kilikuwa kigumu hivyo.

Asubuhi nilivuka mpaka wa Busia, na jioni nilikuwa kwa Atieno.

Kesho yake nilikwenda duka la vyuma Ntinda. Muuzaji, mwanamume wa makamo, alinionyesha waya mgumu unaong'aa kama sufuria mpya.

"Hii ni ya kurara, nyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda.

Huko r na l hubadilishana viti, kwa hiyo nilielewa "kulala", nikacheka moyoni. Kwetu mali iliyolala ni ile iliyokosa mnunuzi. Nilidhani anakiri kwamba imekaa sana dukani.

"Hata ikilala, si haiozi?" nikamjibu.

Alinitazama kidogo, kisha akanikatia.

Alasiri, Bugolobi. Papa Kasongo, mwashi Mkongo anayeishi jirani na Atieno, alinisaidia kufunga nyaya kutoka nguzo hadi nguzo na kuzikaza. Upepo ulipoanza, zikalia, sauti nyembamba isiyokatika. Mtoto wa Atieno, Baraka, akashika waya wa chini akalia nao kwa sauti ileile.

"Amepata mwenzake," Atieno akasema akicheka.

Siku ya tatu tulipandisha tangi, la chuma, zito. Upepo haukuwapo kabisa. Tuliupitisha waya uliobaki kwenye kapi dogo juu ya paa, tukazungusha winchi tukiwa uani. Tangi lilipofika ghorofa ya tatu, waya ukaanza kulia kama ule wa roshani. Atieno alikuwa akipita chini yake na beseni la nguo, Baraka mgongoni, na mtoto akaitikia. Kisha akanyamaza ghafla, macho juu.

"Toka pale, mama Baraka!" Papa Kasongo alipiga kelele. "Waya inalia na mutoto amenyamaza! Shusha, dada, shusha!"

Atieno aliruka hadi ukutani. Tukashusha mbio. Tangi lilipobakiza kimo cha goti kufika chini, waya ukakatika. Niliokota kipande kilichokatika. Kwa nje kilikuwa kinang'aa vilevile. Nilipokifumua, nyuzi za ndani zilikuwa zimekatikakatika kama nywele sakafuni kwa kinyozi.

Nilikirudisha Ntinda.

"Nilikwambia ya kurara," muuzaji akasema, bila hasira. "Inarara kwa leri, kwa uzio, inanyooka, basi. Ukiipinda kwa kapi inakufa. Ya kupanda ni hii, raini, nyuzi mingi. Mbona hukusema unapandisha?"

Nilinunua huo laini na kapi kubwa, na tangi likapanda bila waya kulia. Baraka hakuwa na sauti ya kuitikia, hata aliposikia winchi.

Nilirudi Kisumu siku ya tano. Sasa mteja akitaka waya, kabla ya kumuuliza urefu namuuliza ni wa kulala au wa kupanda. Kipande kilichokatika nimekitundika karakana. Hakijashika hata doa la kutu, na ndiyo maana nakiogopa.

Atieno hupiga simu kila Jumapili. Huniambia nyaya za roshani bado zinalia upepo ukija, na Baraka anaimba nazo. Sijawahi kumweleza kwa nini napenda kusikia hivyo.

Leo amepiga, na si Jumapili.

"Nyaya zinalia tangu asubuhi," amesema. "Ila Baraka anazitazama tu. Ameacha kuimba."

Nimemwambia afunge mlango wa roshani kwa ufunguo. Niko kituoni Kisumu, nangoja basi la Kampala.